Malalamiko Juu ya Dohani Isiyovuja

Uporoto, Mbeya
Agosti, 1956

Kwa Bruda Edmund,
Msimamizi wa Karakana ya Mafundi,
Iringa.

Mheshimiwa Bruda,

YAH: FUNDI WENU ALIYEFANYA KAZI VIZURI KUPITA KIASI

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, umeketi mahali pakavu, na macho yako yanatoa machozi kidogo kama impasavyo mtu mwenye moto nyumbani. Mimi na nyumba yangu hatujambo kwa mwili. Ni kwa hayo mengine ndiyo nimeshika kalamu.

Kabla sijaanza kulalamika inafaa nijitambulishe, maana sisi wawili hatujaonana. Wewe ni Mkatoliki, mimi ni Mmoraviani, na barabara iliyo kati yetu ni mbovu. Mimi ni Yotamu Mwambeta, mzee wa kanisa hapa kwetu Uporoto, mkulima wa viazi na pareto. Zamani nilikuwa mpishi wa Bwana mmoja wa mashamba ya chai huko Mufindi. Bwana huyo alipofunga mizigo kurudi kwao Ulaya aliniuliza nataka ukumbusho gani. Wenzangu walichukua masufuria na makoti. Mimi nilisema nataka lile jiko la chuma la sebuleni, lenye kimlango mbele, lile linalosukumwa ndani ya meko ya matofali likakaa humo kama mkate katika tanuri. Bwana alicheka mpaka akakaa chini, lakini alinipa. Jiko likapanda lori, likashuka Uporoto, likabebwa na wanaume ambao njia nzima walinitazama kama mtu aliyeoa tena uzeeni.

Nyumba yangu ni ya matofali ya kuchoma. Sebuleni ina meko ya kuotea moto, na juu yake dohani ya kupitishia moshi, vyote viwili vilijengwa na fundi wa hapa hapa. Dohani ile ilikuwa na tabia njema. Moshi mchache ulipanda juu kuwaonyesha majirani kwamba tuko hai, na mwingi ulibaki ndani pamoja nasi. Sasa jiko la chuma haliwezi kukaa hivi hivi chini ya dohani pana, nilijua hilo tangu Mufindi. Linataka bomba lake la chuma lishuke ndani ya dohani toka juu mpaka chini, na nafasi iliyobaki kati ya bomba na matofali ijazwe kitu cha kutunza joto, na kila ufa uzibwe. Ndipo mliponitumia Fundi Bartholomeo Kalinga, yule Mhehe uliyemfundisha kwa mkono wako mwenyewe.

Nieleze alichofanya, usije ukasema namsingizia. Alipanda juu ya bati, akakwangua masizi yote ya dohani, tukatoa ndoo kwa ndoo. Akashusha bomba kipande baada ya kipande, kila kimoja kimeingia ndani ya chenzake na kukazwa kwa skrubu. Kisha akauliza kama kwetu kuna yale mawe mepesi ya mlimani ambayo mtoto akiyatupa mtoni yanaelea. Yapo, tunayasugulia visigino. Akayaponda, akayachanganya na chokaa na maji machache, akayamimina kati ya bomba na matofali huku akishindilia kwa mti mrefu, mpaka dohani nzima ikashiba. Chini akaweka bamba la chuma, akalizungushia kamba nyeupe isiyoungua aliyokuja nayo toka kwenu, na juu ya kamba akapaka udongo wa mfinyanzi uliokandwa na majivu na chumvi. Juu kabisa akavika kofia ya bati, mvua isiingie. Halafu akawasha majani mabichi ndani ya jiko, akachukua mshumaa, akauzungusha polepole kila penye kiungo, akitafuta mahali moshi unapopumua. Hapakuwepo. Akanigeukia, akasema: "Mzee, hata harufu haitatoka."

Nilicheka kwa adabu. Kwetu fundi akisema maneno ya namna hiyo, ni njia yake ya kuaga. Sikujua kwamba anasema kweli.

Malalamiko yangu, kwa mpangilio, ni haya.

1. Kwanza kabisa, Fundi alikuja siku aliyosema atakuja. Bruda, mambo gani haya? Kwetu fundi akisema Jumatatu, mwenye nyumba anajua anayo nafasi ya kuvuna viazi, kumsindikiza mgonjwa hospitali na kuoza binti. Mimi nilikuwa shambani, suruali nimeikunja magotini, nikaitwa kwamba Fundi amesimama uani na mwiko wake mkononi. Tena hakufiwa na shangazi kazi ilipofika katikati. Hakuishiwa chokaa. Alimaliza siku aliyosema atamaliza, akanawa mikono, akaaga. Toka hapo majirani wanawauliza mafundi wetu maswali ambayo hawajapata kuulizwa tangu wazaliwe, na mafundi hao ni washarika wenzangu, tunaketi benchi moja kanisani. Hawanisalimu.

2. Pili, moshi. Sijui huko Iringa mnauonaje moshi, pengine mnauona uchafu. Kwetu moshi ni mtumishi wa nyumba. Nitakutajia kazi yake moja kwanza, nyingine zitafuata. Mgeni akija, na maneno yake yakawa marefu, mwenye nyumba mstaarabu hamwambii ondoka. Anachukua gogo bichi, analitia motoni, anaendelea kumsikiliza kwa heshima. Mgeni anaanza kukohoa, anafuta macho, anakumbuka ng'ombe wake. Mnaagana vizuri na hakuna aliyetukanwa. Sasa nina jirani yangu, Anania, mtu mwema, ana habari ya ng'ombe wake aliyezaa pacha, na habari hiyo haina mwisho. Nimetia gogo bichi katika jiko lenu la chuma. Moshi ukapanda bombani kwa utiifu, ukaenda zake Mbeya mjini, na Anania akavua koti. Alisema kwamba siku hizi kwangu kuna joto zuri.

Nikalazimika kutunga kanuni. Miguu ipanguswe mlangoni. Mtu asiteme mate motoni, maana sasa moto una mlango. Asiguse jiko. Asivute kigoda kupita mstari nilioupiga sakafuni kwa chokaa ile iliyobaki. Matokeo yake Anania ameacha kuja, na wengine wote wameacha pamoja naye. Kwa hiyo naandika yote mawili: kwanza wageni hawaondoki, halafu wageni hawaji. Naomba usione kama yanapingana. Yote yametoka katika dohani moja.

3. Tatu, na hili ni zito kwa mtu wa dini kama wewe. Mimi kama mzee wa kanisa huletewa watu waliokosana: mume na mke, ndugu waliogombea mpaka wa shamba, mwana aliyemjibu baba yake vibaya. Nawaketisha sebuleni, nawasomea neno, nawaonya. Zamani kabla sijafika nusu ya maonyo walikuwa wote wanalia. Wanalia, wanapenga kamasi, wanashikana mikono, wanaondoka upesi. Sifa zangu zilifika mpaka Tukuyu, na mchungaji mwenyewe alisema nina kipawa cha kulainisha mioyo. Tangu Fundi Bartholomeo azibe zile nyufa, Bruda, hakuna hata mmoja aliyetubu ndani ya nyumba hii. Watu wanakaa macho makavu, wananitazama, wanauliza maswali. Juzi mume na mke wamenisikiliza mpaka amina, kisha mke akataka kujua kama mimi mwenyewe huyafanya hayo ninayoyasema. Katika moshi, swali la namna hiyo lisingepata pumzi ya kutokea.

4. Nne, mbegu. Juu ya meko nina dari ya mianzi, na juu ya dari tunatunza mahindi ya mbegu, tumeyafunga kwa maganda yake mawili mawili. Miaka yote moshi uliyapaka weusi, na fukusi akionja tu anakwenda kutafuta nyumba nyingine. Sasa dari ni safi. Mahindi nayo ni safi, ya manjano, yanapendeza macho. Ukilitikisa hindi, unga unamwagika wenyewe bila kupitia kinuni. Fukusi wamepata nyumba yenye joto, isiyo na moshi, yenye chakula ghorofani, na nadhani wamekwisha kuwaandikia jamaa zao waje. Mvua za kupandia haziko mbali, na mwenye kupanda unga hatavuna kitu.

Mke wangu Damari aliona hayo mapema kuliko mimi. Aliteremsha mbegu zilizosalia, akazipeleka jikoni kwake, ile nyumba ndogo ya nyasi iliyo nyuma ya uwanja, yenye mafiga na moshi wa kutosha kijiji kizima. Naomba utie alama hapa penye mbegu, kwa sababu ndipo msiba wangu ulipoanzia.

5. Tano, mkwe. Sisi Wanyakyusa tunayo desturi, na ingawa tumebatizwa hatujaiacha yote: mke wa mwanao haonani nawe uso kwa uso. Akikuona anajifunika, anapita pembeni, nawe unafanya vivyo hivyo, na hiyo ndiyo heshima. Mwanangu Abrahamu alipooa, watu waliuliza tutaishije nyumba moja. Tuliishi vizuri sana. Moshi ulikaa katikati yetu. Yeye alikuwa upande wa kule na mimi upande wa huku. Nikikohoa anajua niko wapi, akikohoa najua yuko wapi. Asubuhi ya kwanza baada ya Fundi kuondoka, binti wa watu aliingia na chungu cha uji, akainua macho. Nami nikainua macho. Palikuwa peupe pe, kama uwanja wa kanisa. Aliachia chungu, akatoka nje kwa kupitia dirisha. Uji ulikuwa wangu. Tangu siku hiyo haingii, na wajukuu nao hawaingii kwa kuwa wanamfuata mama yao.

6. Sita. Hili la sita niliandika kwanza likawa refu, nikalifuta. Damari amehamia jikoni.

Hakugombana nami. Ingekuwa ugomvi ningejua la kufanya, maana kusuluhisha ndiyo kazi yangu. Alipeleka mbegu, akasema lazima zilindwe na panya. Kesho yake akachukua kigoda chake, kwa sababu mlinzi hawezi kukaa chini. Kigoda kikafuatwa na mkeka, na mkeka ukafuatwa na blanketi. Halafu siku moja nikaangalia rafuni nikaona Biblia yake haipo. Sasa mke wa mwanangu yuko huko, wajukuu wako huko, wanawake wa jirani wakitoka kisimani wanaingia huko. Hata Anania, ambaye ana mke wake na jiko lake, nimemwona akiinama kupita mlango ule na habari yake ya pacha. Wanakohoa, wanacheka. Vicheko vyao navisikia toka hapa nilipo.

Nami nimekaa katika sebule yenye joto kuliko zote toka Mbeya hadi Makambako. Jiko linanguruma vizuri. Hakuna upepo, hakuna masizi, shati langu ni jeupe wiki nzima. Damari ananiletea chakula, anakiweka mezani, anauliza kama chumvi imetosha, anarudi kwake. Nimejaribu kwenda kukaa naye huko. Walinipisha vizuri, wakanipa mahali pa mbali na moshi, nami nikakohoa mpaka wajukuu wakanionea huruma na kunitoa nje kwa mkono. Mapafu yangu yamekwisha kuwa ya Kizungu, na hilo nalo naliweka juu ya Fundi wenu.

Bruda, wewe ni mtawa. Ulichagua mwenyewe kukaa bila mke, tena mlikubaliana wengi, mkajengewa nyumba moja. Mimi nilioa kanisani mbele ya watu. Nasema wazi, bila mzaha wowote: nina upweke, na sijauzoea. Nimekaa na mwanamke yule tangu tulipokuwa hatuna hata kikombe cha kunywea maji, na sasa tumetenganishwa na uwanja wa kuku.

Nimelifikiri jambo hili kwa makini sana, na sababu ni moja tu. Palipo na moshi, Damari yupo. Pasipo na moshi, hayupo. Mtoto wa darasa la pili anaweza kuifanya hesabu hiyo. Kwa hiyo aliyeniondolea mke ni Fundi Bartholomeo, kwa mwiko na chokaa, mchana kweupe, huku mimi mwenyewe nikimshikia ngazi.

7. Saba, paka amebaki. Hili silalamikii, nalitaja tu ili uone kwamba nasema haki.

Sisemi kwamba ni mpango wa Wakatoliki. Nilisema hivyo mara moja tu, mbele ya wazee wenzangu, na mchungaji akaniomba nisirudie. Lakini hebu tazama wewe mwenyewe. Mzee wa kanisa la Kimoraviani amepoteza wageni, wenye kutubu, mbegu, wajukuu na mke, na hakuna aliyeinua hata fimbo. Kazi imefanywa kwa mawe mepesi tuliyoyaokota wenyewe. Kama si mpango, basi ni bahati, na ninawapongezeni sana kwa bahati hiyo.

Usidhani nimekaa tu nikingoja msaada. Nilichukua msumari na nyundo nikajaribu kuufungua ule udongo wa chumvi pale chini penye bamba. Msumari ulipinda. Nikachukua mwingine mnene zaidi, ukapinda nao, na nyundo ikavunjika mpini. Nikafungua kimlango cha jiko nikiwa nimeweka majani mabichi, nikitumaini moshi utatoka mbele. Ulinitazama kidogo, ukageuka, ukapanda bombani. Jiko hili linavuta hewa kwa nguvu mpaka lilichukua karatasi iliyokuwa na mahubiri yangu. Ndiyo sababu naja kwenu.

Naomba karakana yenu ifanye yafuatayo kabla ya mvua.

(a) Fundi Bartholomeo arudi na patasi, atoboe alichoziba. Siombi dohani ibomolewe, mimi si mtu wa fujo. Naomba nyufa za kiasi, zilizopangwa na mtu mwenye elimu. Moshi ushuke mpaka usawa wa macho ya mgeni aliyeketi, lakini usifike kwenye kiti changu. Siku ya kusuluhisha wagombanao uongezeke. Akija mchungaji upungue.

(b) Kama kwenu hamfundishi kazi ya kuvujisha, mwajirini yule fundi wetu aliyejenga dohani ya kwanza. Ana kipawa. Nyumba zote alizojenga zinavuja, moshi kwa chini na mvua kwa juu, wala hakusoma popote. Mpeni darasa awafundishe vijana wenu kwamba kazi ya fundi ni kumwachia mwenye nyumba kitu cha kuzungumza.

(c) Fundi Bartholomeo apewe onyo, ila lisiwe kali. Ni mtu mwenye adabu, alivisifu viazi vyetu, na Damari alimpenda. Aonywe tu kwamba siyo vizuri kutimiza ahadi zote kwa mara moja.

Nikikosa majibu nitalipeleka shauri kwa Bwana DC. Na nikikuta kwamba Bwana DC naye ana dohani isiyovuja, nitajua jambo hili ni kubwa kuliko nilivyodhani.

Wasalimu mabruda wote, wanaokohoa na wasiokohoa. Msalimu mpishi wenu, nampa pole kama mpishi kwa mpishi. Msalimu mama yake Fundi Bartholomeo huko Idodi, kama yu hai, na umwambie kwamba amemlea mwanawe katika ukweli na hasara yake nimeipata mimi. Wasalimu wanafunzi wa karakana, hasa wavivu, kwao ndiko liliko tumaini letu. Wasalimu na ng'ombe wa misheni.

Ni mimi niliyepashwa moto vizuri na kuachwa peke yangu, nakuandikia kwa heshima,

Yotamu Mwambeta
Mzee wa Kanisa, Uporoto

Nyongeza. Bruda, barua ilikuwa tayari, inamngoja dereva wa lori la pareto aliyesema atapita Jumatatu, kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kutosha. Nikaenda jikoni kuomba tonge la ugali la kugandishia bahasha. Damari akauliza ni nini ninachoandika siku zote hizi. Nikaona ni vizuri asikie jinsi ninavyompigania. Nikasimama pale pale mlangoni, mahali penye hewa, nikaisoma yote kwa sauti, mke wa mwanangu akiwa amegeukia ukutani kwa heshima. Nilipofika penye toba walicheka mpaka Anania akashika nguzo. Nilipofika penye la sita hawakucheka.

Damari alifuta macho kwa ncha ya kanga. Yalikuwa mekundu, yamevimba, na nilishangaa kwamba sikuwa nimeyaona. Akaniita kwa jina la binti yetu wa kwanza, akasema: "Baba Sekela, nani alikwambia nafuata moshi? Moshi huu unaniua. Mimi nilifuata moto wangu. Ule wako una kipini, na kipini kiko mfukoni mwako."

Inanipasa nikueleze hapo. Kimlango cha jiko lile hufunguliwa kwa kipini cha chuma kinachochomolewa, kisije kikamwunguza mtu. Mwenye kipini ndiye anayetia kuni, na ndiye anayesema moto uwake au upoe. Tangu siku aliyoondoka Fundi nilikiweka mfukoni, ili jiko lisiharibiwe na wasiolijua. Hata sufuria juu yake nilikataza. Sasa katika nyumba yetu, tangu tuoane, moto ulikuwa wa Damari. Yeye aliuwasha, yeye aliujua, yeye ndiye aliyemwambia mtu sogea na mwingine kaa mbali. Mimi nilidhani nimemletea moto mzuri zaidi. Haikunijia kwamba nimemwondolea ule aliokuwa nao, nikamwachia wangu wa kutazama.

Nilitia mkono mfukoni, kipini kilikuwemo. Nikampa. Akainua chungu chake cha maharage kwenye mafiga, akapita katikati ya kuku, na wote wakaondoka nyuma yake, mpaka nikabaki jikoni mimi na moshi.

Lori bado halijapita, na siku zimekwenda. Naandika haya nikiwa kwenye kigoda karibu na mlango, kwa sababu kiti changu amekalia Anania na pacha wake bado hawajazaliwa. Maharage yanachemka juu ya jiko. Mstari wangu wa chokaa umefutika kwa miguu ya wajukuu. Mama yao ametundikiwa kanga kwenye kamba, yuko upande wa kule, nami nakohoa kila nikipita ingawa hakuna kinachonikoholesha. Mbegu zimebaki jikoni kwenye moshi, Damari anawasha huko moto mdogo wa kuzilinda, na anasema ndiko zilikopaswa kukaa tangu zamani. Macho yake yameanza kuwa meupe. Ameitazama nyumba yote mpaka pembeni, kisha akanitazama na mimi kwa muda mrefu, akaniambia ninyoe ndevu.

Basi Fundi asitumwe. Akija na patasi, Damari amesema atampokea kwa mwiko wa ugali. Akija bila patasi, atapewa viazi. Mimi sikiri kosa lolote, hoja zangu zote zilikuwa nzuri na naweza kuzitetea mbele ya baraza lolote, ila si hapa, kwa kuwa mlangoni pana baridi na nikitaka kuni ziongezwe lazima nimwombe mwenye kipini. Yote niliyoandika hapo juu yapuuze, Bruda, isipokuwa salamu, ambazo sasa zinatoka kwetu sote wawili.